Simu Iliyokuwa Inazima Jumapili

Nilifukuzwa katika nyumba ya mama mkwe wangu, Ilomba, Mbeya, kwa kosa la kuchomoa simu ili asiongee na mwanawe. Sikuichomoa. Walionifukuza walikuja kujua kwamba sikuichomoa, wakanyamaza. Hilo ndilo nililotendewa, na nalitaja mwanzoni ili anayesoma asije akadhani nalalamikia chakula au mashuka.

Naitwa Atuganile. Nilizaliwa milimani Rungwe, mtoto wa kwanza, kwa hiyo shule sikwenda. Nilibeba wadogo zangu mgongoni mpaka wao wakaenda. Kusoma nilifundishwa ukubwani, kanisani, jioni baada ya kazi. Naandika polepole lakini naandika. Aroni Kalinga alinikuta nauza maparachichi Uyole, yeye dereva wa lori, akashuka kununua akasahau kuondoka. Wakalinga ni Wahehe wa Nyololo, ila baba yao alifanya kazi reli akajenga Ilomba, na huko ndiko nilikoolewa. Hatukujaliwa mtoto. Aroni alipofariki kwa ugonjwa wa mapafu, ndugu zangu walikuja kunichukua, na mama yake, mama Evarista, akawaambia warudi walikotoka kwa sababu binti yake haendi popote. Alisema binti yake. Nikabaki.

Tulikaa vizuri, yeye na mimi. Macho yake yalianza kuingia ukungu, kisha miguu ikaanza kukataa, na mimi nikawa macho na miguu. Nilimwogesha, nilimkata kucha, nilimsaidia chooni. Bertha, binti yake wa kumzaa, anafanya kazi ofisini Iringa mjini. Alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. Nikiwa namwogesha mama yake, yeye anasimama mlangoni, leso yenye marashi puani, ananiuliza kama nimesugua vizuri katikati ya mabega. Hata leso hiyo naikumbuka rangi yake.

Mtoto wa mwisho ni Rabson, yuko Kanada. Huyo mama alimpenda kuliko wote, na sisemi hivyo kwa wivu, kila aliyefika pale alijua. Shida ilikuwa jinsi ya kuongea naye. Simu za kugusa kioo zilimshinda mama. Vidole vyake vilipapasa kile kioo, badala ya kupokea anakata, kisha analia kwamba amemfukuza mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo Rabson alipokuja likizo akaleta kisanduku. Ni kitu kidogo, cheusi, cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, kina matundu madogo ubavuni na taa za kijani mbele. Alieleza kwamba intaneti inaingia kwenye ile ruta iliyotundikwa ukutani, waya unatoka kwenye ruta unaingia kwenye kisanduku, na waya mwingine unatoka kwenye kisanduku unaingia kwenye simu ya mezani. Alinunua simu ya mezani yenye vitufe vikubwa, na spika ya kusikiliza bila kushika kitu. Akasema akipiga kutoka Kanada italia pale sebuleni kama simu za zamani. Alipanda juu ya stuli, akafunga nyaya, na kisanduku akakiweka juu ya king'amuzi cha televisheni kwa sababu nyaya hazikufika mbali zaidi. Alipiga kwa majaribio akiwa nje uani. Simu ikalia, mama akanyoosha mkono akaishika mara moja. Miaka ya reli nyumba ile ilikuwa na simu ya mezani, mkono wake ulikuwa bado unakumbuka.

Sasa, kwenye nyumba zetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio inafunikwa, televisheni inafunikwa, migongo ya makochi inafunikwa, hata chujio la maji nimeliona limevalishwa. Bertha anajua sana kufuma, hilo simnyimi. Alifuma kitambaa cha sufu nyeupe chenye maua ya bluu, chini yake akakishonea satini ili kiwe kizito, akakileta kutoka Iringa kimekunjwa kwenye mfuko wa zawadi. Aliniagiza mbele ya mama kwamba siku za kazi kikae droo, kisishike vumbi, lakini kila Jumapili nikifunike pale, kimefuliwa, kimetiwa wanga, kimepigwa pasi, maana Jumapili baada ya misa wanajumuiya wanakuja kumsalimia mama na hakuna sababu ya watu kuona minyaya. Kitambaa kilifunika kisanduku na king'amuzi vyote pamoja, kikaning'inia pembeni. Nilifanya alivyoagiza. Kila Jumapili.

Rabson naye alikuwa anapiga Jumapili mchana, kwa sababu ndiyo siku yake ya mapumziko. Wageni wakiwepo au wameshaondoka, televisheni inaimba kwaya tangu asubuhi, mama amevaa kitenge cha kutokea, anasubiri. Simu inalia. Wanasalimiana, anauliza theluji, anauliza ataoa lini, wanacheka. Kisha katikati ya neno mama anaanza kuita, Rabson, Rabson, na hakuna mtu. Pembeni ya kitambaa naona taa zimekufa zote. Zinakaa hivyo, zinarudi nyekundu, zinapepesa, zinakuwa za kijani tena. Anapiga upya. Wanaongea kidogo, inakufa tena.

Mtu wa kwanza kusema kisanduku kina tatizo nilikuwa mimi. Nilimpigia Bertha kwa simu yangu ya mkononi nikamweleza. Alinijibu nisiguseguse nisivyovijua.

Tulianza kusema ni mtandao. Rabson akasema si mtandao. Tukasema ni umeme. Rabson akasema si umeme pia, kwa sababu yeye kule kwenye kompyuta yake anaiona ruta iko hewani muda wote, ila kisanduku peke yake ndicho kinazimika na kuwaka upya. Kama umeme ungekatika, vingezima vyote viwili. Alikuwa sahihi, ruta kweli haikuzima.

Bertha akamtuma fundi, anaitwa Isaka, ana duka la simu mjini. Alikuja siku ya kazi, siku ya Jumanne, kitambaa kiko droo na televisheni imezimwa kwa kuwa mama haoni na mimi nilikuwa nafua. Nilimwekea chai na karanga. Alikula karanga, akalamba vidole, akashika kisanduku kwa vidole hivyo hivyo. Alikihamishia tundu lingine la umeme. Akabadilisha ekstensheni. Akachomeka chaja nyingine aliyokuja nayo, akatikisa kila waya kwenye shingo yake, akawa anapiga simu kutoka kwenye simu yake mwenyewe na kuiacha ikiongea na ukuta wakati anaendelea na karanga. Kisanduku hakikuzima hata mara moja. Nilimwambia aje Jumapili, kinazima Jumapili. Alicheka mpaka vipande vya karanga vikaonekana kwenye meno.

“Mama, umeme haujui Jumapili.”

Kisha akampigia Bertha, mimi nimesimama na birika mkononi, akamwambia hivi: “Dada, kifaa ni kizima kabisa. Kama kinazima, kuna mkono wa mtu.”

Nikamimina chai. Mpaka leo sijui kwa nini nilimmiminia.

Baada ya hapo walianza kuhesabu mambo mengine. Bertha aligundua kwamba simu haifi mwanzoni mwa mazungumzo, inakufa wakishaongea kitambo. Na wakishaongea kitambo ndipo Rabson anapofikia kumuuliza mama anakula nini, anapewa dawa kwa wakati, analala vipi. Kwa Bertha hilo lilitosha. Mama anataka kusema anavyotendewa, na mtu anachomoa. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili, na mmoja hawezi kutembea bila kushikwa.

Kikao kilikaliwa Jumapili, sebuleni pale pale. Alikuja baba mdogo Ambrosi kutoka Nyololo, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Alikuja Bertha. Rabson alikuwa kwenye simu ya mkononi ya Bertha, uso wake mdogo umeegemezwa kwenye chupa ya chai. Wanajumuiya walikuwa wamekuja kusalimia kama kawaida, na Bertha akawaomba wabaki, akasema ni vizuri mashahidi wawepo. Miongoni mwao alikuwepo Tumpe, jirani yetu, Mnyakyusa mwenzangu. Mama alipelekwa chumbani akafunguliwa redio kwa sauti kubwa, ikasemwa ni kwa ajili ya presha yake.

Baba mdogo Ambrosi alizunguka sana. Alianza na babu, akaja kwa Aroni, akasifu malezi yangu, na alipomaliza kusifu nikajua nimekwisha. Nikaulizwa kama nina lolote. Nikasema aitwe mama aulizwe, yeye ndiye mwenye simu, na mara nyingi inapokufa mkono wangu unakuwa umeshika wake. Wakasema mama asisumbuliwe.

Bertha akaniinamia kwa sauti ya hospitali. “Wifi, sisi hatuna ugomvi na wewe. Sema tu ulikuwa unaogopa mama angesema nini.”

“Sijawahi kuchomoa.”

“Shemeji,” Rabson akasema kutoka kwenye chupa ya chai, “kompyuta haidanganyi.”

Wanajumuiya walikuwa wanaangalia mikono yao. Kisanduku kilikuwa pale, hatua chache kutoka kwenye magoti yao, kimefunikwa kitambaa cheupe cha maua ya bluu nilichokipiga pasi asubuhi ile, juu ya king'amuzi kilichokuwa kinawaka tangu misa ya kwanza. Watu wote wale, na waliosoma miongoni mwao, na hakuna aliyeinua kile kitambaa. Kuinua kungekuwa ukosefu wa adabu.

Iliamuliwa niende Nyololo nikatunze nyumba ya ukoo. Waliliita hilo kutunza. Mama alikuwa amepitiwa na usingizi, redio ikimwimbia, na nilipotaka kuingia kumuaga Bertha alisimama kwenye mlango ule ule aliokuwa anasimama na leso yake. Alisema atamweleza mwenyewe, taratibu.

Nyumba ya Nyololo ilikuwa ya popo. Dari yote popo, na kilicho chini ya popo kila mtu anakijua. Nilikwangua kwa jembe kabla ya kutandika mkeka. Harufu ile ilikaa kwenye nguo zangu, kwenye nywele, kwenye unga. Baridi ya kule unaijua kama umewahi kupita barabara kuu asubuhi na ukungu uko kwenye misonobari. Nikaanza kupika viazi na maharage kando ya barabara, madereva wa malori wanasimama, wengine walimjua Aroni. Hao ndio walionipa shikamoo nilipokuwa sina mtu.

Tumpe ndiye aliyeleta habari. Alikuwa anakwenda msibani Mafinga, akashuka Nyololo makusudi kunitafuta. Nilikuwa namenya viazi. Alikaa kwenye kindoo, akanieleza bila kupamba.

Nilipoondoka, alisema, Bertha alileta binti wa kazi kutoka Makete. Jumapili ya kwanza simu ikafa. Yule binti akasemwa. Ya pili ikafa, akasemwa zaidi. Ya tatu ikafa binti akiwa nje bombani anachota maji, wanajumuiya wote wakimwona dirishani. Hapo ndipo Bertha alipotulia. Rabson akaagiza chaja ibadilishwe, ikabadilishwa, ikafa. Akatuma kisanduku kipya kabisa kwa mtu aliyekuwa anakuja Tanzania, kikafungwa pale pale pa zamani, kikafanya kazi wiki nzima bila kukohoa, na Jumapili kikafa.

Basi Jumapili moja Bertha alikuwa anawaonyesha akina mama mshono. Mmoja wao alitaka kujua amegeuzaje pembe za maua. Simu ilikuwa ndiyo kwanza imekufa, Rabson anajaribu kupiga tena. Bertha akainua kitambaa kuonyesha pembe, mkono wake ukagusa kisanduku, akaurudisha haraka. Tumpe naye akagusa. Aliniambia kilikuwa cha moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na king'amuzi chini yake vilevile, na satini ile ilikuwa imeanza kubadilika rangi upande wa ndani, njano ya mkojo. Simu ikalia, Bertha akaweka spika, akamwambia mdogo wake. Rabson akasema kitu chenyewe kina joto, kina kinga, kikizidiwa kinajizima na kuanza upya ili kisiungue. Waondoe kitambaa. Wakitoe juu ya king'amuzi, wakiweke peke yake, matundu yakiwa wazi.

Wakakiweka dirishani. Hakijazima tena.

“Nikamuuliza pale pale,” Tumpe akasema. “Nikamwambia, sasa Atuganile je?”

“Akasemaje?”

“Akasema, dada Tumpe, yale yameshapita.”

Nikaendelea kumenya. Tumpe akaongeza, kwa sababu si mtu wa kuficha, kwamba Bertha anawaambia watu kisanduku kipya ndicho kilichomaliza tatizo. Na wapo wanaosema, bila yeye kuwakatalia, kwamba tangu Atuganile aondoke simu imetulia.

Nilitema mate kwenye maganda. Samahani kwa anayesoma, lakini nilitema, na si mara moja. Kukosea sikuchukii. Hata mimi nilikuwa nakifunika kitambaa kile bila kujua, kama nilivyoagizwa, nikanyoosha mikunjo yake kwa kiganja. Nilichochukia ni kile kimya chao kisafi. Waligusa kile kisanduku, wakajua, wakafuta mikono, wakaendelea na chai.

Nikangoja. Nilifikiri watakuja, au atapiga mmoja wao. Aliyekuja ni baba mdogo Ambrosi, kwa miguu, kutoka kwake ni karibu, ana mfuko wa Bertha: doti ya kitenge na sukari. Hapakuwa na neno. Nilimuuliza Bertha amesema nini. Akasema amesema nipokee.

“Nipokee kwa sababu gani, baba mdogo?”

“Pokea tu, mwanangu, yaishe.”

“Yaishe yapi?”

Akageuka kuangalia misonobari kama kuna mtu anamwita. Alikuwa anajua. Mzee mzima, aliyenisifu mbele ya watu ili anizike vizuri, alikuwa anajua na alikuwa amebeba sukari. Nilimrudishia mfuko mkononi. Kwa heshima, kwa mikono miwili.

Jumapili iliyofuata nilipanda gari kwenda Mbeya.

Nilifika Ilomba watu wakiwa wametoka misa. Mlango ulikuwa wazi. Bertha alikuwepo, ilikuwa mwisho wa mwezi. Wanajumuiya walikuwa wanakunywa chai, Tumpe akiwemo, na mama yuko kwenye kochi lake, amekonda, kucha zake ndefu. Niliziona kucha kabla ya kitu kingine. Kisanduku kiko dirishani, wazi, taa zake za kijani zimetulia. Kile kitambaa kilikuwa kimehamishiwa kwenye mgongo wa kochi, kichwa cha mama kimekiegemea.

“Kamwene, mama,” nikasema.

Alijua sauti. Uso wake ulifunguka, kisha ukafunga. “Kumbe mume wako mpya amekuruhusu,” akasema.

Nilikuwa sijajua bado walichomwambia. Hapo nikajua. Bertha alikuwa anakusanya vikombe ambavyo watu walikuwa hawajamaliza kunywea chai.

Nikapiga magoti mbele yake kama nilivyozoea, nikamshika mikono. Nikamwambia sina mume. Nipo Nyololo kwenye nyumba ya baba yake Aroni, napika viazi. Sikuondoka, niliondolewa. Akauliza niliondolewa na nani, na kwa nini. Bertha akasema mama asichoshwe, chai ipo jikoni, nikanywe nipumzike, tutaongea. Na simu ikalia.

Bertha aliinua mkonga wa simu akauweka pembeni, akabonyeza spika kwa mazoea, kisha nikaona amejutia. Sauti ya Rabson ikajaa chumba, inamsalimia mama. Sikusubiri. Nilisogea karibu na simu, nikaongea taratibu ili nisikike vizuri.

“Shemeji Rabson, ni Atuganile. Nipo sebuleni, na wanajumuiya wapo, wale wale wa siku ile. Mwambie mama kwa nini kisanduku kilikuwa kinazima.”

Kule nilisikia mtu anapumua, na kitu kama maji yanachemka.

“Shemeji,” akasema. “Hayo tutayaongea.”

“Yaongee sasa. Ulisema mbele yao kwamba kompyuta haidanganyi. Sema tena mbele yao ilisema nini.”

“Shemeji, ujue ile siku sisi tuli...”

Sauti ikakatika.

Niliangalia dirishani. Taa za kijani, zote, zimetulia, hakuna hata moja iliyopepesa. Mkonga ulikuwa umewekwa mezani pembeni, na pale unapolala mkonga, kwenye kile kitufe cha kukatia, kulikuwa na kidole cha Bertha. Kucha ilikuwa imepakwa rangi, nyekundu, safi sana.

“Imekatika tena?” mama akauliza.

“Mtandao, mama,” Bertha akasema.

“Si mtandao, mama,” nikasema. “Ni kidole cha Bertha.”

Tumpe alikuwa ameshika kikombe mdomoni, hanywi. Mama akanyoosha mkono wake juu ya meza, akapapasa, akakuta mkonga, akafuata waya mpaka kwenye simu yenyewe, na hapo vidole vyake vikamkuta mwanawe. Bertha alikuwa bado hajakitoa kidole chake. Nadhani aliganda. Mama alikishika kile kidole, akakipapasa mpaka kwenye kucha, kama mtu anayetambua kitu sokoni. Kisha akaurudisha mkono wake, akaufuta kwenye kitenge chake, mara mbili, taratibu, kama vile mtu aliyeshika kitu kibichi.

Aligeuka upande niliokuwepo, akaniuliza kama bado nina ule wembe wa kukatia kucha.

Nilimkata kucha. Nilichukua muda wangu, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Simu ililia mara nyingine wakati ule, ikalia sana, na hakuna aliyeipokea. Bertha alikuwa chumbani amefunga mlango, na wanajumuiya walikuwa wanaaga mmoja mmoja kwa sauti za chini, wakinipa mkono bila kuniangalia usoni. Nilipomaliza nikakusanya zile kucha kwenye kipande cha gazeti, nikatupa shimoni kama inavyotakiwa, nikanawa, nikapanda gari kurudi Nyololo. Mama aliniomba nibaki. Nilimwambia nyumba ile nilitolewa kwa maneno mbele ya watu, na nitarudi kwa maneno mbele ya watu. Alisema amenielewa. Alilia kidogo, lakini alisema amenielewa.

Tangu siku hiyo ameanza kukataa kuongea kwenye simu ile. Tumpe ananiambia inalia kila Jumapili, nzima, haizimi hata kidogo, na mama anakaa kwenye kochi lake anaisikiliza mpaka inyamaze.

Kitenge na sukari sitaki. Nyumba ya popo si malipo, wala kurudishwa kimyakimya siku wakichoka kumwogesha si malipo. Bertha Kalinga ananidai nini sijui, ila mimi ninamdai sentensi moja: “Atuganile hakuichomoa simu, ni kitambaa changu.” Aiseme kwa mdomo wake, sebuleni Ilomba, Jumapili, wanajumuiya wakiwepo, mama akiwa kwenye kochi lake na si chumbani na redio. Rabson Kalinga ninamdai ile sentensi aliyokuwa ameianza akakatishwa, aimalizie. Na baba mdogo Ambrosi ninamdai awaite, kwa kuwa ndiye aliyewaita mara ya kwanza.

Mpaka ninapoandika haya hakuna hata mmoja aliyelipa.